Jina Lililoombwa Mlimani

Mtu hupewa mambo mengi na wazazi wake, lakini kitu cha kwanza kupewa ni jina. Hupewa kabla ya nguo ya kuufaa mwili wake, na kabla ya jino la kutafunia chakula chake. Jina halishibishi wala halifuniki. Walakini asiyekuwa nalo hawezi kuitwa kula wala kuitwa kuvikwa. Ndiyo sababu wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Neno hili aghalabu huambiwa mtu aliyekosa kuhudhuria barazani. Lakini wako watu waliokuwapo barazani tangu asubuhi, wakaketi, wakalipa kila walichoambiwa walipe, na jioni daftari iliposomwa hawakutajwa. Kwa watu wa namna hiyo methali ni chungu zaidi, maana wao walikuwapo na lao halikuwapo.

Habari za Wakonzo na Waamba wa mlima Rwenzori, magharibi ya Uganda, ni habari za watu wa namna hiyo. Kwa muda wa miaka 20, tangu mwaka 1962 hata 1982, wakulima wa mlima huo walidai kuwa na dola yao wenyewe. Waliipa jina, bendera, mawaziri, mahakama na mfalme. Mtu aliyezisikia habari hizo kutoka mbali alicheka au aliogopa. Alicheka kwa sababu dola ile ilikuwa ndogo na silaha yake ya kwanza ilikuwa mkuki. Aliogopa kwa sababu alikiona kila kilima cha Afrika kikisimama na kudai bendera yake. Kicheko na hofu ni viziwi wawili. Hapana hata kimoja kilichosikia kwamba kitu cha kwanza kilichoombwa na watu wale hakikuwa dola. Waliomba kutajwa.

Rwenzori ni mlima wenye vilele vingi, na kilele kirefu kuliko vyote kina mita 5,109. Uko karibu sana na mstari wa ikweta, na juu yake iko theluji ambayo siku hizi inapungua mwaka kwa mwaka. Upande wa kusini yako maziwa ya Edward na George. Upande wa magharibi liko bonde la mto Semliki. Wakonzo wanakaa katika mitelemko, wakilima ndizi, mihogo, maharage na kahawa mahali ambapo mgeni huona haya hata kusimama asianguke. Waamba wanakaa chini, katika bonde, upande wa Bundibugyo. Ng'ambo ya mpaka, katika Kongo, wanakaa Wanande, ndugu wa Wakonzo kwa lugha na kwa nasaba. Kwa Wakonzo theluji ni nzururu, na ndani ya theluji hiyo hukaa Kitasamba, mwenye mlima, ambaye wazee walimcha na kumtolea sadaka. Nchi ya theluji ni Rwenzururu. Watu wengi hudhani kuwa jina Rwenzori, lililoenea katika ramani za dunia, ni neno hilohilo lililosikiwa vibaya na masikio ya wageni. Ikiwa ni kweli, basi hata mlima wenyewe uliandikwa vibaya kabla ya watu wake kuandikwa vibaya.

Wakonzo na Waamba waliingiaje katika ufalme wa Toro? Ufalme huo ulizaliwa karibu ya mwaka 1830, Kaboyo, mtoto wa mfalme wa Bunyoro, alipojitenga na baba yake akajifanyia enzi yake. Msomaji na alikumbuke jambo hili, maana litahitajiwa mbele: Toro yenyewe ni mtoto wa kujitenga. Baadaye ufalme ulidhoofika, na nusura ufe katika mikono ya Kabarega wa Bunyoro. Mwaka 1891 Lugard alimrudisha Kasagama katika kiti, na mwaka 1900 Waingereza walifanya mapatano naye. Kwa mapatano hayo Toro ilipanuliwa, na watu wa mlimani wakawekwa ndani yake. Hawakushindwa vitani na Toro hata ikasemwa kuwa walitekwa; wala hawakuulizwa shauri hata ikasemwa kuwa waliridhia. Kalamu ilipita juu yao kama kivuli cha wingu kinavyopita juu ya shamba. Miaka 10 baadaye kalamu nyingine ilipita, ikaukata mlima kati ya Waingereza na Wabelgiji, na ndugu wakawa raia wa mataifa mawili.

Mtawala aliyetumwa na mtawala mwingine hubeba fimbo mbili, yake na ya bwana wake. Machifu wa Toro walitoza kodi na kuamuru kazi za nguvu kwa jina la serikali, na watu wa mlimani hawakuweza kutambua ni fimbo ipi iliyowapiga. Mwaka 1919 waliasi. Viongozi wao, Nyamutswa, Tibamwenda na Kapoli, walisakwa miaka miwili, wakakamatwa na kunyongwa mwaka 1921. Serikali ilihesabu kuwa jambo limekwisha. Lakini kaburi halijui kunyamaza kama afisi inavyodhani. Watoto waliozaliwa baada ya hapo waliwasikia watu watatu hao katika hadithi za jioni, na hadithi ya jioni haihitaji ruhusa ya chifu.

Baada ya kitanzi ulikuja utawala wa kimya, na huo uliumiza zaidi kwa kuwa haukutoa damu. Mtoto wa Kikonzo alipoingia shuleni alifundishwa kwa Kitoro. Mtu mzima alipokwenda barazani alihukumiwa kwa Kitoro. Kanisani alisali kwa Kitoro. Kazi za afisi na nafasi za masomo ya juu ziliwaendea zaidi watoto wa wakubwa, na wakubwa walikuwa Watoro. Shaba ilipoanza kuchimbwa Kilembe na reli ikafika Kasese mwaka 1956, utajiri wa mlima ulitelemka kwa magurudumu kwenda Jinja, na mwenye mlima alibaki akiutazama moshi. Matusi nayo hayakukosekana. Watu wa mlimani walifananishwa na nyani. Katika hali hiyo wako waliofanya kama afanyavyo mtu anayevuka soko lenye wezi: waliificha mali yao. Mali waliyoificha ilikuwa jina. Mkonzo aliyetaka kazi alijipa jina la Kitoro, akasema Kitoro, akajiandikisha kuwa Mtoro, na wakati mwingine akafanikiwa. Mafanikio ya namna hiyo yana ladha ya chakula kilicholiwa gizani: huijaza tumbo, lakini mlaji hajui alichokula.

Mwaka 1954 mwalimu mmoja wa shule, Isaya Mukirane, alianzisha chama. Mwaka huohuo alikuwa ametembea mlimani pamoja na Mwingereza mwandishi wa habari, Tom Stacey, akimwongoza na kumfasiria maneno ya watu. Chama hicho hakikuitwa chama cha ukombozi wala cha siasa. Kiliitwa Chama cha Utafiti wa Historia ya Maisha ya Wakonzo. Kazi yake ilikuwa kukusanya habari za kale: asili ya koo, mila, hadithi, na mambo waliyoyaona wazee.

Mwanachuo huweza kudhani kuwa kazi ya kukusanya hadithi ni kazi baridi, ya watu wenye miwani na nafasi. Katika nchi ambamo jina la mtu limekuwa aibu, hapana kazi yenye moto zaidi ya hiyo. Mzee aliyeulizwa, "Babu yako alitoka wapi?" na kuona jibu lake likiandikwa, alijua kwa mara ya kwanza kuwa anacho kitu cha kuandikwa. Kijana aliyembebea mwalimu daftari kutoka kijiji hata kijiji aligundua kwamba mto anaoujua yeye una hadithi moja na mto ulioko mwendo wa siku mbili, na kwamba shida alizodhani kuwa ni bahati mbaya ya nyumba yao ni shida za mlima mzima. Mwenye kuuliza habari za jana hawezi kuepuka habari za leo. Aliyeanza kwa kuuliza, "Tulikuwa nani?" ataishia kwa kuuliza, "Mbona hatumo?" Ndivyo chama cha historia kilivyogeuka kuwa chama cha siasa bila ya kubadili daftari yake.

Uchaguzi wa 1961 uliwaingiza Wakonzo na Waamba katika baraza la Toro, lililoitwa Rukurato. Miongoni mwao walikuwamo Mukirane na Petero Mupalya, na Yeremiya Kawamara wa Waamba. Uganda ilikuwa inakaribia uhuru, na Toro ilikuwa inaandika katiba yake ili iingie katika uhuru ikiwa ufalme wenye heshima zake. Hapo wajumbe wa mlimani walileta ombi. Walitaka katiba iseme kuwa Toro ni nchi ya watu wa makabila matatu, Watoro, Wakonzo na Waamba, wenye haki sawa. Lilikuwa jambo la maneno machache, lisilohitaji zaidi ya wino wa tone moja. Hawakudai kiti cha mfalme wala kipande cha ardhi.

Baraza lilikataa. Machi 1962 wajumbe hao waliinuka wakatoka. Tangu hapo neno lililodaiwa lilikua. Kutajwa kulipokataliwa waliomba wilaya yao wenyewe chini ya serikali kuu, mbali na Toro. Wilaya ilipokataliwa, Mukirane alipanda mlimani, na tarehe 30 Juni 1962 Rwenzururu ikatangazwa kuwa nchi huru. Katika muda wa miezi michache dai lilitoka katika mstari wa karatasi, likapita katika mpaka wa wilaya, likafika katika bendera ya dola. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mara nyingine aliyekataa kuziba ufa hujikuta yuko upande wa nje wa ukuta uliojengwa na mwingine.

Insafu yataka wasikilizwe pia waliokataa. Watoro hawakuwa watu waovu kuliko wengine. Ufalme wao ulikuwa mdogo, uliokwisha kuonja kifo mara moja, na kando yake ziliketi falme kubwa za Bunyoro na Buganda. Mtu aliyeokolewa majini hulishika sana gogo lake. Waliona kuwa wakiandika majina matatu leo, kesho wataulizwa viti vitatu, na kesho kutwa mashamba matatu. Serikali kuu nayo ilikuwa na hofu yake. Nchi ya jirani, Kongo, ilikuwa imepata uhuru mwaka 1960, na katika siku chache Katanga ilijitenga. Damu ilikuwa ingali inamwagika. Kiongozi wa Uganda aliyetazama magharibi kupita Rwenzori aliona moto, na mtu anayeona moto kwa jirani hana subira ya kuchungua kama moshi wa nyumbani kwake ni wa jiko au wa paa. Tume iliyoongozwa na Dk. Ssembeguya ilitumwa mwaka 1962 kuchungua machafuko. Iliyaona malalamiko ya watu wa mlimani kuwa yana msingi, lakini haikukubali wapewe wilaya yao. Ilikuwa kama tabibu aliyekiri kuwa mgonjwa ana homa, akamwandikia subira. Uhuru ulifika tarehe 9 Oktoba 1962, na Toro ikaingia ndani yake na ufalme wake.

Kosa la waliokataa halikuwa katika hofu yao, maana hofu hiyo ilikuwa na sababu. Kosa lilikuwa kudhani kuwa jambo linaloogopwa huzuiwa kwa kulinyima jina. Tena walisahau kuwa kiti walichokilinda kilichongwa na mwana aliyejitenga na baba yake. Mzazi aliyetoroka nyumbani katika ujana wake aghalabu huwa mkali sana juu ya mtoto anayeutazama mlango.

Dola ya mlimani haikuwa kubwa, lakini haikuwa mchezo. Ilikuwa na mawaziri, ilitoza kodi, iliamua kesi, iliweka shule. Mkulima aliyepeleka kesi yake ya shamba aliisikia ikiamuliwa kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake. Nyimbo za harakati hizo ziliimbwa hata zikamvuta mtaalamu Kirsten Alnaes kuzichungua na kuziandikia makala mwaka 1969. Maana watu wa mlimani hawakuwa na magazeti. Wimbo ulikuwa gazeti lao, hansadi yao na kitabu chao cha sala.

Walakini aliyekaa chini ya dola hiyo aliilipia. Alitozwa kodi mara mbili, na serikali ya bondeni na ya mlimani. Aliyelipa huku aliitwa msaliti kule. Mapigano ya mwaka 1963 na 1964 yaliua watu na kuchoma nyumba za Watoro na za Wakonzo pia. Serikali ilitangaza hali ya hatari, ikazitoa sehemu zenye machafuko katika mikono ya Toro na kuzitawala yenyewe. Stacey aliitwa kutoka Uingereza mwaka 1963 apande mlima na kumsihi rafiki yake wa zamani. Alipanda, wakaonana, wasipatane. Askari waliopanda baada yake walisema Kiswahili, lugha ya kambi za jeshi tangu zamani za Waingereza. Hivyo lugha ambayo ng'ambo ya mpaka, katika masoko ya Kongo, ilikuwa ya kuuzia na kununulia, upande huu ilisikiwa kwa wengi kwanza katika mlio wa amri. Wapenzi wa Kiswahili hufurahi kusema kuwa lugha hii huunganisha makabila. Ni kweli, lakini yafaa kukumbuka kuwa lugha hupendwa kwa neno la kwanza ililosema ilipofika mlangoni.

Wenzi nao waligawanyika. Kawamara na Mupalya walibaki katika dai la wilaya ndani ya Uganda. Mukirane hakurudi nyuma. Dola yake iliyoanza kwa raia ikapata mfalme, naye ndiye aliyekuwa mfalme huyo. Hapo liko jambo la kusikitisha. Mwalimu aliyeanza kwa kuwauliza wazee habari za koo zao alimaliza maisha yake akiwa katika kiti kilichofanana na kile alichokimbia. Alifariki mwaka 1966. Mwanawe, Charles Mumbere, mtoto wa miaka 13, alitawazwa mahali pake. Watoto wa umri huo hupewa jembe dogo wajifunze kulima. Yeye alipewa vita.

Ilikuwako njia nyingine? Uganda yenyewe ilionyesha mbili. Katika ufalme wa Ankole, Wairu wakulima walikuwa chini ya Wahima wafugaji, wakanyimwa vyeo kama Wakonzo walivyonyimwa. Walianzisha mwendo ulioitwa Kumanyana, yaani kujuana, wakapigania nafasi ndani ya ufalme na wasitake kutoka. Mtaalamu Martin Doornbos ameziweka harakati mbili hizi katika mizani moja na kuonyesha tofauti yake: Wairu na Wahima walisema lugha moja, na Wairu walikuwa wengi katika kila pembe ya Ankole, kwa hiyo mlango wa kuingilia walikuwa nao. Wakonzo walikuwa na lugha yao, na mlima wao pembeni. Mtu hupigania meza ambayo anaelewa maneno yanayosemwa juu yake. Njia ya pili ilikuwa ya kura. Mwaka 1964 watu wa Buyaga na Bugangaizi, sehemu za Bunyoro zilizokuwa zimepewa Buganda, waliulizwa wanataka kuwa wapi. Walichagua Bunyoro. Uamuzi huo uliichukiza Buganda sana, lakini ulitoka katika sanduku la karatasi. Watu wa Rwenzori hawakuletewa sanduku. Haki yao haikuwa imeandikwa katika mapatano ya uhuru, na isiyoandikwa haikuulizwa. Hapo tena ile methali ya asiyekuwapo.

Mambo yaliyofuata yana mzaha mchungu wa historia. Mwaka 1967 Obote alizifuta falme za Uganda, na Toro, iliyokataa kuandika majina matatu, ikapoteza na lake. Mwaka 1974 Amin aliigawa Toro akatoa wilaya ya Rwenzori na wilaya ya Semuliki, ambazo leo ni Kasese na Bundibugyo kwa asili yake. Kitu kile ambacho kingeweza kutolewa mwaka 1962 kwa saini, kilitolewa na mtawala wa kijeshi baada ya makaburi. Lakini dawa ikichelewa hukuta ugonjwa mwingine. Dola ya mlimani ilikwisha kuwa na mfalme na viapo, wala haikutelemka kwa sababu ya wilaya. Ilitelemka Agosti 1982, baada ya mazungumzo yaliyofanywa na Amon Bazira, na silaha zikawekwa chini. Mumbere alipelekwa Marekani kusoma. Serikali iliyompeleka ikapinduliwa mwaka 1985, fedha zake zikakatika, na mfalme wa theluji akafanya kazi ya kuwauguza wazee na wagonjwa katika nchi ya watu, Maryland na Pennsylvania. Kwa miaka mingi aliwaosha na kuwalisha watu wasiojua kuwa anaitwa mfalme. Huenda hiyo ilikuwa elimu bora kuliko ile aliyopelekewa.

Mwaka 2009 alirudi, na tarehe 19 Oktoba mwaka huo Rais Museveni akautambua rasmi ufalme wa Rwenzururu, si kama dola, ila kama ufalme wa mila ndani ya Uganda. Jina lililoombwa mwaka 1962 lilikuwa limeandikwa. Kama habari ingeishia hapo, mwandishi wa hadithi angeridhika.

Haikuishia. Waamba, ambao walitoka barazani pamoja na Wakonzo siku ile ya Machi, hawakutaka kuhesabiwa kuwa raia wa mfalme wa Wakonzo. Walidai kiongozi wao wa mila, na mwaka 2014 alitambuliwa. Katika Kasese wako Wasongora wafugaji na Wanyabindi. Wao pia walisimama wakisema kuwa wana asili yao na hawataki kutajwa chini ya jina la mwingine. Msomaji ataona kuwa maneno haya si mageni. Ni maneno yaleyale ya Rukurato, ila kinywa kimebadilika na sikio limebadilika. Wakonzo, ambao walijua kuliko watu wote maana ya kutotajwa, waliletewa daftari na kuulizwa kama wataandika majina ya wengine. Na wengi miongoni mwao waliona kuwa ombi hilo ni dharau kwa mfalme wao. Ndivyo Watoro walivyoona zamani.

Julai 2014 vikundi vyenye silaha vilishambulia vituo vya polisi na kambi katika sehemu hizo, na watu wengi wakafa. Serikali ilisema kuwa wako waliotaka jamhuri mpya ya kuwaunganisha Wakonzo na Wanande wa Kongo. Wakuu wa ufalme walikana. Novemba 2016 askari waliingia katika jumba la mfalme mjini Kasese. Katika siku mbili zaidi ya watu 100 waliuawa, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo polisi, na vijana walinzi waliokuwa hawajazaliwa Mukirane alipopanda mlimani. Mumbere alikamatwa akashitakiwa, na kwa miaka mingi hakuruhusiwa kurudi kwao. Mashitaka yaliondolewa mwaka 2023, naye akarudi Kasese. Waliokufa hawakurudi pamoja naye.

Wako wanaotumia habari hizi kuthibitisha kuwa kila dai la kujitenga ni upumbavu, kwa kuwa nyumba ikigawanywa, vyumba navyo hutaka kuwa nyumba. Wako wengine wanaozitumia kuthibitisha kuwa kila mwenye lugha apewe bendera. Pande zote mbili zinatazama bendera na kusahau daftari. Mambo ya Rwenzori yanaonyesha kuwa watu wa mashamba hawaamki alfajiri moja wakatamani mawaziri. Hutamani kwanza mtoto wao afundishwe kwa maneno anayoyaelewa, kesi yao isikilizwe bila ya kicheko, na nchi inapotajwa wao watajwe ndani yake. Wakinyimwa hayo kwa muda mrefu, hujenga mahali watakapotajwa, hata kama mahali hapo ni pa mawe na baridi. Na wakikwisha kujenga, wajenzi nao wana wageni wao mlangoni.

Kwa hiyo mtihani wa mwendo wa namna hii hauko katika siku ya kutangaza uhuru. Siku hiyo kila mtu huimba vizuri. Mtihani uko katika asubuhi anapokuja mtu mdogo zaidi, mwenye lugha iliyo ndogo zaidi, akisema, "Na sisi tumo." Mwenye dola kubwa aliyeulizwa hivyo mwaka 1962 alishindwa, na mwenye ufalme mdogo alipoulizwa hivyo miaka 50 baadaye hakufanya vizuri zaidi. Mwaka 1954 mwalimu mmoja aliwauliza wazee habari zao, akaandika walivyomjibu. Mkuu yeyote wa wilaya angeweza kufanya vivyo hivyo kabla yake, na mkuu wa wilaya wa leo anaweza bado, akianzia kwa walio wachache. Kalamu na daftari vinapatikana katika kila afisi.